Baba amepooza nikiwa mwaka wa pili: daraja la ufadhili linaweza kubadilishwa?

Binti wa Kibuye
Hamjambo, wakubwa kwa wadogo. Ninasoma mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa magharibi mwa Kenya. Nilipojaza fomu ya ufadhili, baba alikuwa dereva wa trela za miwa na mshahara wake uliingia kila mwezi, kwa hiyo niliwekwa daraja la nne kati ya matano ya uhitaji, ambalo kwa mgao wa mfumo ulioanzishwa mwaka 2023 liliiachia familia asilimia 30 ya gharama ya masomo. Mwezi wa Januari baba alipatwa na kiharusi, akapooza upande wa kulia, na kazi ikaisha. Sasa sote tunategemea omena, yaani dagaa wa ziwani, ambayo mama hununua kwa debe na kuipima kwa gorogoro, kopo la kupimia, sokoni Kibuye, Kisumu, na samaki wanapoadimika ziwani faida yake haitoshi hata dawa za baba. Sitapewa kadi ya mtihani kabla ya kulipa salio la karo. Je, kuna njia ya kuomba daraja hilo libadilishwe, au nirudi nyumbani?

Mwalimu Mstaafu, Kakamega
Pole sana, binti yangu, na umfikishie mama salamu zangu. Usirudi nyumbani. Rufaa huwasilishwa kupitia tovuti ileile uliyotumia kuomba ufadhili, kwa hiyo ingia leo uone kama dirisha lake limefunguliwa. Jambo la kuonyesha si umaskini peke yake, bali kwamba hali ya nyumbani ilibadilika baada ya wewe kujaza fomu, na hapo tarehe ndizo zitakazokutetea. Tafuta ripoti ya hospitali, barua ya kuachishwa kazi na barua ya chifu. Barua nyingi za machifu nilizozisoma husema tu kwamba familia haijiwezi; mwombe chifu wako, kwa heshima, aandike baba alikuwa akifanya kazi gani, aliugua lini, na ni watoto wangapi wangali shuleni.

Jirani wa Kondele
Naunga mkono maneno ya Mwalimu, lakini rufaa huchukua muda na mtihani hausubiri. Dada, kesho asubuhi nenda kwa mkuu wa wanafunzi ukiwa na nakala za karatasi hizo, uombe kwa maandishi kulipa salio kwa awamu na kuruhusiwa kufanya mtihani. Kisha chukua fomu ya basari ya NG-CDF, ule mfuko wa serikali kuu wa maendeleo ya maeneobunge, katika ofisi ya eneobunge, na ile ya kaunti kupitia wadi yenu. Hizo ni hazina mbili tofauti, na wengi hujaza moja wakadhani wamemaliza. Hundi huandikwa kwa jina la chuo, kwa hiyo hakikisha nambari yako ya usajili haina kosa, la sivyo fedha zitafika chuoni bila kuingia katika akaunti yako.

Mzazi wa Ahero
Nakusihi, mwanangu, usilipe karo kwa mikopo ya simu. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, hutozwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Ile ya simu huweza kupita kiwango hicho katika mwezi mmoja. Ikishindikana kabisa muhula huu, omba rasmi kuahirisha masomo ili nafasi yako ihifadhiwe, maana anayeondoka bila barua huhesabiwa kuwa ametoroka.

Binti wa Kibuye
Asanteni sana, wazazi wangu na kaka yangu. Tatizo ni kwamba baba hakupewa barua yoyote, aliambiwa kwa simu tu. Nifanyeje?

Mwalimu Mstaafu, Kakamega
Kama mwajiri alikuwa akimkata michango ya NSSF, yaani hazina ya taifa ya hifadhi ya jamii, omba taarifa ya michango hiyo, kwa kuwa itaonyesha mwezi iliposimama. Iambatanishe na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara wa mwisho, na uzipeleke zote mbili kwa chifu kabla hajaandika barua yake.