Msaada: boksi dogo la spika ya gitaa linaloweza kugeuka kombo, nichukue lipi?

Solo_wa_Sinza:
Wakuu, habari za jioni.

Napiga gitaa la solo. Jumapili niko kanisani, usiku wa wikendi niko na bendi ya dansi kwenye kumbi ndogo na mahoteli hapa Dar. Kichwa (amplifaya isiyo na spika) ninacho tayari, Vox MV50 ile ya Clean, kinaingia kwenye mfuko wa gitaa. Kasheshe ni spika. Kila ukumbi nachomeka kwenye boksi nitakalolikuta, leo linavuma, kesho linakwaruza. Nataka boksi langu mwenyewe, spika moja tu, kichwa nikikifunga juu liwe kombo, yaani amplifaya na spika kitu kimoja, nibebe kwa mkono mmoja. Usafiri wangu bodaboda, bajaji siku tukilipwa vizuri.

Inchi 8, 10 au 12? Mgongo wazi au uliofungwa? Ninunue la kiwandani au niende kwa mafundi seremala wa Keko? Bajeti laki sita, ikibidi laki nane. Kuna ndugu anarudi kutoka Uingereza mwezi ujao, anaweza kuniwekea spika kwenye begi, boksi zima hawezi. Natanguliza shukrani.

Kariakoo_Kwanza:
Mkuu usijitese, chukua spika ya kawaida ya muziki ya inchi 12, piga boksi, maisha yaendelee. Bei nusu ya hizo za gitaa.

Fundi_Waya:
@Kariakoo_Kwanza hapana. Spika ya gitaa haipandi juu kama ya muziki, ikifika karibu na hezi 5,000 inaanza kuporomoka, na ndiyo maana gitaa linasikika nene. Weka ile ya muziki uone, ukikoleza kidogo tu inakuwa nyuki kwenye kopo.

@Solo_wa_Sinza kabla ya inchi, angalia omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme wa amplifaya. MV50 inatoa wati 50 kwenye spika ya omu 4, wati 25 kwenye omu 8, na 12.5 kwenye omu 16. Ndugu yako akikuletea ya omu 16 kwa sababu aliikuta kwa bei nafuu, umeshapoteza robo tatu ya nguvu. Mwambie omu 8, amwandikie muuzaji kabisa. Na usiogope hizo wati 25. Wati zikipungua nusu, sauti inashuka desibeli 3 tu, na hizo unazirudisha kwa kuchagua spika kali, inayotoa sauti kubwa kwa wati chache. Vintage 30 ya Celestion, watengenezaji wa spika za gitaa, imepimwa desibeli 100 kwa wati moja, mita moja. Spika ya desibeli 97 ingekudai wati 50 kufikia kelele ileile.

Mzee_Ridhimu:
Kijana, Vintage 30 ni nzuri kwa wapiga roki. Kwa dansi letu inachoma masikio, ile sehemu ya kati kuelekea juu inajitokeza mno na solo letu lenyewe liko huko huko juu. Halafu ina kilo 4.7 peke yake. Wewe unapanda bodaboda.

Tafuta yenye sumaku ya neodimiamu, ni nyepesi. Celestion wana Neo Creamback, wati 60, kilo 1.9. Boksi la inchi 12 la plaiwudi ya milimita 18 mbao peke yake ni kama kilo saba au nane, kwa hiyo ukijumlisha yote uko kwenye kumi. Hiyo unaipakata hadi Mbagala bila kulalamika. Na inakaa kwenye begi la ndugu yako bila kugombana na watu wa uwanja wa ndege.

Solo_wa_Sinza:
Shikamoo mzee. Basi inchi 8 nisahau? Nilivutiwa na udogo.

Mzee_Ridhimu:
Marahaba. Inchi 8 ni ya chumbani. Ukumbini dramu ikianza husikii nyuzi za chini, utaongeza sauti, spika itakohoa. Inchi 10 inavumilika, hasa kanisani. Ila kama unanunua mara moja, 12.

Gitaa254:
Salamu kutoka Nairobi. Za kiwandani zipo. Orange wana kichwa kidogo cha Micro Terror na kiboksi chake cha inchi 8, PPC108, vinaendana kwa sura ila mzee ameshasema kuhusu inchi 8. Quilter wa California wana maboksi ya BlockDock, yametengenezwa makusudi kichwa chao kidogo kikae kwenye boksi kiwe kombo. Ni kazi safi sana, lakini ni ya vichwa vyao, na kusafirisha boksi tupu kutoka Marekani ni kulipia hewa. Mimi naona fundi wa mbao anakutosha. Nyumba ya spika haina siri.

Fundi_Waya:
Naunga mkono. Keko wanaweza, shida wanazoea makabati ya nguo, kwa hiyo nenda na vipimo. Upana sentimita 45, kimo 42, kina 26. Ubao wa mbele tundu la sentimita 28. Plaiwudi, si MDF na si chipubodi. Chipubodi ikipata unyevu wa Dar inavimba, skrubu zinatoka zenyewe. Na akuwekee jeki mbili zilizounganishwa sambamba. Siku ukipata boksi la pili la omu 8, ukiyaunganisha yanakuwa omu 4 na MV50 yako inatoa wati 50 zote.

Kufunga kichwa juu usihangaike. Velkro pana au bolti mbili fupi zenye washa za mpira. Kichwa chako hakichemki sana, lakini usikizamishe ndani ya boksi. Wenye vichwa vya vali (zile taa za kioo) ndio wakae macho zaidi, vali zinataka hewa na hazipendi kutikiswa na spika.

Solo_wa_Sinza:
Mgongo je?

Mzee_Ridhimu:
Vipande viwili vya skrubu, cha juu na cha chini, katikati pengo. Na kipande cha tatu cha kuziba pengo ukitaka. Mgongo wazi sauti inatoka mbele na nyuma, mwenzako wa besi na mwimbaji wanakusikia hata wakisimama nyuma yako. Ukiufunga unapata ngumi zaidi chini, ila sauti inakwenda mbele tu kama tochi. Kwenye vijukwaa vyetu ambapo boksi linakaa sentimita chache kutoka ukutani, mimi naacha wazi.

Na liegemeze nyuma kidogo au liweke juu ya kiti. Likikaa chini linapigia magoti yako, wewe unasikia butu, unaongeza makali, meza ya mbele inaziba masikio.

Gitaa254:
Hapo kwenye kiti mzee umegusa ndipo. Na spika ikifika, ipime kwa multimita kabla hujaifunga. Ya omu 8 itasoma 6 hadi 7. Ikisoma 12 au 13, hiyo ni ya omu 16 hata kama karatasi inasema vingine.

Solo_wa_Sinza:
Nimeshamtumia ndugu ujumbe, Neo Creamback, omu 8. Keko nakwenda Jumamosi na vipimo. Waya wa kutoka kichwa kwenda spika natumia huu wa gitaa nilionao?

Fundi_Waya:
Usithubutu. Huo una uzi mwembamba ndani, wa kubeba mawimbi madogo ya gitaa. Nunua waya wa spika wa nyuzi mbili nene, sentimita 40 zinakutosha, jeki mbili za chuma, uchomee mwenyewe au niletee.