AC ya Corolla 110 inapuliza joto, fundi anataka nibadili kompresa. Naombeni ushauri

Mtoto wa Kimara: Wakuu habari za jioni. Nina Corolla 110 ya 1998. Tangu Desemba AC inapuliza joto. Nikiwasha, klachi ya kompresa inashika, tak, sekunde chache inaachia, inashika tena. Mwanangu ana miezi minne, kila siku tunampeleka Magomeni kwa bibi yake, na kwa foleni ya Ubungo analia njia nzima. Fundi kasema kompresa imekufa, kuna ya mtumba Gerezani kwa laki mbili na nusu. Ninunue?

Chuma Chakavu: Uza hilo gari mkuu. Gari la miaka hiyo halikuachi na hela mfukoni.

Mama Wawili: Mtoto wa miezi minne kwenye joto hilo! Tokeni saa kumi na moja alfajiri. Wangu wa kwanza tulimlea Tanga bila hata feni, kitambaa chenye maji na kumnyonyesha kila mara, basi.

Fundi Baridi: Usinunue kwanza. Klachi kushika na kuachia harakaharaka mara nyingi ni gesi kupungua, swichi ya presha inakata kuilinda kompresa. Alipima kwa geji? Amejaza gesi mara ngapi?

Mtoto wa Kimara: Geji sikuiona. Kajaza mara tatu.

Fundi Baridi: Mara tatu tangu Desemba? Inavuja hiyo. Gesi gani?

Mtoto wa Kimara: Gesi ya AC tu mkuu. Ni fundi wangu wa siku nyingi, hajawahi kuniangusha.

Dereva wa Masafa: Mimi yalinikuta Morogoro, nimebadili kompresa mbili, kumbe bomba limesuguana na chesesi mpaka likatoboka. Povu la sabuni ndilo lililoonyesha.

Fundi Baridi: Nauliza tena, ya tatu aliweka gesi gani? Gari hilo linatumia R134a, stika iko chini ya boneti.

Mtoto wa Kimara: Ya tatu alitoa kwenye mtungi wa kupikia. Aliniambia R134a imepanda bei, na kweli iliganda kuliko zote, wiki mbili nzima. Wengi wanaweka hiyo. Na kompresa nimeshalipia laki moja, ndiyo maana nauliza kuhusu kompresa.

Mama Wawili: Yesu wangu. Na mtoto mnampakia humo?

Jicho la Tatu: Hii chai. Gesi ya jikoni inaingiaje kwenye gari? Subirini, mwishoni ataweka namba ya fundi wake.

Chuma Chakavu: Hata mimi naona chai. Weka picha.

Mtoto wa Kimara: Siweki namba ya mtu. Alifunga mpira kwenye mtungi mdogo, akaugeuza kichwa chini. Halafu mke wangu tangu Jumapili analalamika, tukiwasha feni gari linanuka kitunguu kilichooza. Nilimwambia ni mfuko wa sokoni. Sasa hivi nimefungua droo ya dashibodi nikaingiza pua. Harufu inatoka humo.

Fundi Baridi: Iwe chai isiwe, nisikilize. Harufu hiyo huwekwa kwenye gesi ya kupikia makusudi ili mtu ajue inavuja. Kama inatokea kwenye dashibodi, evaporeta, ile sehemu ya AC inayopoza hewa nyuma ya dashibodi, inavujia ndani. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatulia miguuni. Ikifika asilimia 2 hivi ya hewa, cheche ya feni au kiberiti inatosha. Usiwashe kitu. Sukuma gari nje, fungua milango, asipande mtu. Gesi itolewe na fundi mwenye vifaa, mahali pa wazi. Evaporeta ibadilishwe pamoja na draya, yaani kichujio kinachonyonya unyevu, mfumo unyonywe hewa yote (avakyumu) angalau nusu saa, kisha R134a ipimwe kwa gramu za kwenye stika. Kompresa ipimwe mwisho, huenda ni nzima.

Jicho la Tatu: Mkuu kama ni kweli, samahani. Ondoa gari hapo kwanza.

Mtoto wa Kimara: Tumelisukuma na jirani, liko chini ya mwembe, milango wazi. Mke na mtoto kesho wanapanda daladala. Fundi nimempigia mara nne kuhusu ile laki, hapokei.