Darasa la nne wanajua maana za nahau lakini sentensi zao haziendi. Naomba ushauri

Chaki_Nyeupe
Wakuu habari zenu. Nimekwama, na nimebakiza wiki 2 tu kabla ya jaribio.

Nafundisha Kiswahili darasa la nne, watoto 38. Kusoma kwa sauti hawana shida, hata aya ndefu wanaisoma bila kugugumia. Tatizo ni nahau na tamathali za semi. Ukimwuliza mtoto "shingo upande maana yake nini?" anakujibu papo hapo. Mwambie atunge sentensi, utasikia: "Nilivunja kikombe shingo upande." Na si mmoja, ni wengi.

Naomba mbinu au mchezo wowote utakaofanya maana ziwakae kichwani. Natanguliza shukrani.

Mshona_Maneno
Karibu, mwalimu. Kabla ya michezo, tuambie mambo mawili. Wanajifunza nahau ngapi kwa wiki? Na wanazikuta wapi kwa mara ya kwanza, ndani ya hadithi au kwenye orodha?

Ngeli_Zote
Mimi naona umeanzia juu mno. Anza na maneno ya kawaida yenye maana zaidi ya moja, nahau zifuate.

Andika ubaoni: "Bibi amepanda mti." Waambie wachore, kila mtu kivyake, bila kuchungulia kwa jirani. Wengine watamchora bibi yuko juu tawini, wengine watamchora anafukia mche. Wote wamepata. Sasa ongeza maneno mawili: "Bibi amepanda mti, akaumwagilia maji." Waulize ni mchoro upi umeanguka na ni neno gani limeuangusha.

Siku ya pili leta ngeli. "Paa limevuja" na "paa amekimbia". "Ua limenyauka" na "ua umebomoka". "Kaa amejificha mchangani" na "kaa limezimika". Mtoto asikisie maana kwa kulitazama neno lenyewe, atazame kiambishi cha kitenzi kilicho jirani yake, ndicho chenye jibu. Neno 1 kwa siku, dakika 15. Ukiweka maneno 4 siku moja wanaanza kubahatisha.

Mama_Hadithi
Tuwe wakweli, watoto hawasomewi. Orodha haiwezi kumfundisha mtoto lugha, lugha inaingia kwa masikio.

Chukua hadithi 1 kwa wiki na uisome mara 3. Siku ya kwanza soma mpaka mwisho bila kusimama. Siku ya pili simama kwenye maneno 3, yasizidi, ukisimama mara 8 hadithi inakufa mikononi mwako. Siku ya tatu ukifika kwenye maneno yale nyamaza, wayaseme wao.

Na kitabu cha kusoma peke yake mtoto akipime kwa vidole: afungue ukurasa wowote, akunje kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole 5 vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, hicho ni cha kusoma na mtu mzima.

Chaki_Nyeupe
Ahsanteni sana. Ngeli_Zote, hiyo ya paa na ua nimeipenda. Mshona_Maneno, wanajifunza kama kawaida tu, darasani na nyumbani. Ila ninachohitaji hasa ni mbinu ya kukumbuka.

Mshona_Maneno
Mwalimu, "kama kawaida" bado haijanijibu. Na kukumbuka wanakumbuka, umesema mwenyewe wanajibu papo hapo. Huyo mtoto wa kikombe aliambiwa shingo upande ni nini? Nipe maneno yenyewe, neno kwa neno.

Chaki_Nyeupe
Sawa, niseme yote. Kuna kijitabu. Kina nahau 180 kwa mpangilio wa alfabeti, kila moja na maana yake kwa maneno mawili matatu. Nimekiandaa mwenyewe, kimeshachapwa na kila mtoto anacho. Wanakariri 10 kwa siku, Ijumaa nawauliza maana. Kwenye shingo upande nimeandika "bila kutaka".

Sikukitaja mwanzo kwa sababu nilijua mtaniambia nikiweke kando, na siwezi. Wazazi wamekipokea vizuri, kimeingia kwenye mpango wa muhula, na alama za Ijumaa zimepanda kweli.

Mshona_Maneno
Nakushukuru kwa kusema. Hakuna haja ya kukiweka kando. Lakini tazama: mtoto wa kikombe hakukosea. "Nilivunja kikombe bila kutaka" ni Kiswahili safi. "Bila kutaka" ina maana mbili, bila kukusudia na bila kuridhia, na nahau inabeba ya pili peke yake. Mtoto alichukua maana uliyompa, akaipachika mahali inapokaa vizuri. Amefikiri sawasawa kwa kutumia maelezo yaliyopungua.

Kila nahau ipewe maswali 4 badala ya maneno mawili: Nani hufanya? Huwa limetokea jambo gani kwanza? Anafanya nini? Moyo wake ukoje? Kwa shingo upande: ni mtu, ameagizwa au ameombwa jambo, analifanya, moyo haujakubali. Hapo muulize mtoto, "Nani alikuagiza uvunje kikombe?" Atacheka, na atajirekebisha mwenyewe.

La pili ni alfabeti. Kwenye ukurasa wa P bila shaka umepanga piga chuku, piga kambi, piga mbizi, piga moyo konde, zote siku moja. Maneno yanayofanana umbo au maana yakiingia kichwani pamoja yanagongana, mtoto anakumbuka "piga" na kupoteza kilichobaki. Kijitabu kibaki na alfabeti yake kwa ajili ya kutafutia, ila wewe chagua 5 kwa wiki kutoka kurasa tofauti. Zirudie kwa mdomo kesho yake, siku ya tatu, baada ya wiki, kisha baada ya wiki 2, dakika 3 kila mara.

Chaki_Nyeupe
5 kwa wiki ni wiki 36, mkuu. Muhula hauna wiki hizo. Na alfabeti inawasaidia kupata ukurasa haraka. Isitoshe nimeshawaambia wachore picha ya kila nahau, naamini hizo zitasaidia.

Kijiti
Angalia hapo kwenye picha. Mtoto akichora "mkono wa birika" atachora birika lenye mkono, maana ndilo linalochekesha, na baada ya wiki kilichobaki kichwani ni birika. Kunja karatasi katikati. Kushoto achore maneno yanavyosema, kulia achore tukio lenyewe: mtu ameficha kitu chake, mwenzake amenyoosha mkono. Sentensi iandikwe chini ya picha ya kulia, na karatasi ikibandikwa ukutani upande wa kushoto ukunjwe nyuma.

Na umetaja tamathali za semi ila hakuna aliyezigusa. Anza na tashbihi, ukishaona zimekaa ondoa "kama" upate sitiari. "Juma ni kama simba", kisha "Juma ni simba." Waorodheshe sifa za simba: ana mkia, ana manyoya, ana nguvu, haogopi. Wakate zile ambazo Juma hana. Zinazobaki ndiyo maana. Hiyo hatua ya kukata usiiruke.

Tahadhari na "kama". "Amina ni mrefu kama dada yake" si tashbihi, ni ulinganishi wa kawaida wa watu wawili. "Amina ni mrefu kama mlingoti" ndiyo tashbihi. Na "kama utakuja, niambie" ni sharti tu. Mtoto aliyefundishwa kwamba akiona "kama" apigie mstari, atazipigia zote tatu.

Darubini
Samahani wakuu, mimi naona hii ni chai. Mtoto wa miaka 10 aandike "nilivunja kikombe shingo upande"? Sentensi fupi, safi, na kosa limekaa mahali pake kama mfano wa mtihani. Hiyo imetungwa na mtu mzima. Mwandishi wa kijitabu anatafuta wahariri wa bure, darasa halipo.

Mama_Hadithi
Hata kama darasa halipo, Darubini, ushauri utamfaa mwingine anayesoma.

Darubini
Utamfaa, lakini tunashughulikia makosa ambayo hatujui kama watoto wanayafanya kweli. Alete sentensi nyingine.

Chaki_Nyeupe
Nimesikitika kidogo, ila sawa. Hizi nimezinakili kutoka daftari za Ijumaa, bila majina, bila kusahihisha:

1. "Mwalimu wa hesabu alinipiga moyo konde nikafaulu."
2. "Redio yetu imeenda mrama tangu juzi haisemi."
3. "Mti wa shuleni umekula chumvi nyingi."
4. "Tulikula njama tumpe dada zawadi akafurahi sana."
5. "Mwalimu alituambia kata tamaa."

Kijitabu kinasema: piga moyo konde, kupata ujasiri. Enda mrama, kuharibika. Kula chumvi nyingi, kuwa na umri mkubwa. Kula njama, kupanga jambo kwa siri. Kata tamaa, kukosa matumaini.

Mshona_Maneno
Darubini, linganisha sentensi na maana zilizoandikwa. Mtu mzima anayetunga kosa angetafuta la kuchekesha, bibi anakata tamaa kwa kisu. Haya hayachekeshi. Kila moja limefuata maneno ya kijitabu hatua kwa hatua.

Ya 1: "alinipa ujasiri" imegeuzwa. Konde ni ngumi, na moyo unaopigwa ni wako mwenyewe. Aliyefaulu ndiye aliyepiga moyo konde. Mwonyeshe mtoto kwa ishara, mkono wake kifuani pake.

Ya 2: redio huharibika, ndiyo. Lakini mrama ni kuyumba kwa chombo baharini. Kinachokwenda mrama ni jambo lililokuwa na mwelekeo: mipango, safari, mazungumzo. Dakika 1 ya kuyumbisha kitabu juu ya viganja kama mashua inatosha.

Ya 3: mti una umri mkubwa, ila hauli. Nahau hii ni ya watu.

Ya 4: siri ipo, ubaya haupo. Hilo ni swali la "moyo wake ukoje?" na ndilo linaloachwa mara nyingi, kwa sababu maana ya maneno mawili haina nafasi ya kulibeba.

Ya 5 ni ya mtoto anayekwepa. Anaiweka nahau mdomoni mwa mtu bila kuitumia. Dai sentensi yenye "kwa sababu" au "lakini" na maneno yasiyopungua 8, kichaka hicho kitaondoka.

Darubini
Narudisha neno langu. Ya redio ndiyo imenishawishi, hakuna mtu mzima angeifikiria.

Basi nichangie kwenye jaribio, maana hapo ndipo alama zinapokudanganya, mwalimu. Swali la "eleza maana" linapima kijitabu tu. Katika maswali 10, weka 4 ya hali: "Asha hakutaka kufua, lakini alifua baada ya kuitwa mara 3. Alifua ____." Weka 4 ya kuhukumu: sentensi iko tayari, mtoto aandike inafaa au haifai na aeleze kwa mstari mmoja. Zile za daftari tumia hizohizo, bila kumtaja mwenyewe. Mbili za mwisho atunge. Usitoe orodha ya maana popote kwenye karatasi.

Mama_Hadithi
Na mimi bado nasema hadithi. Wakikuta nahau ndani ya aya watakisia wenyewe.

Mshona_Maneno
Watakisia, na mara nyingine watakisia vibaya. Mwaka 1983 mtafiti wa ufundishaji wa kusoma, Isabel Beck, na wenzake waligawa miktadha makundi manne, na mojawapo ni muktadha unaopotosha. "Musa alikwenda sokoni shingo upande, akarudi akiimba." Mtoto atasema ni furaha. Aya ya kufundishia ichaguliwe, au ongeza sentensi 1 yenye kidokezo: "Musa alinung'unika, akachukua kikapu, akaenda shingo upande." Baada ya hapo hadithi za kawaida zifanye kazi ya kurudia.

Chaki_Nyeupe
Nimesoma yote mara mbili. Kijitabu kinabaki, hapo sibadiliki. Ila nakubali 180 hazitaisha. Kwa wiki hizi 2 nachukua 10 tu: wiki ya kwanza shingo upande, piga moyo konde, enda mrama, mkono wa birika na kula njama. Maneno ya kwanza tofauti, maana tofauti. Jaribio nitalipanga kama alivyosema Darubini.

Ila "bila kutaka" imeshachapwa kwenye vijitabu 38. Niandike nini badala yake?

Ngeli_Zote
"Kufanya ulichoagizwa huku moyo haujakubali."

Darubini
Usiandike wewe. Fanyeni maswali 4 darasani, halafu mwache mtoto wa kikombe aandike maana yake.

Chaki_Nyeupe
Mrejesho wa leo. Tulianza na swali, "nani alikuagiza uvunje kikombe?" Alicheka kabla ya wenzake. Baada ya maswali yote 4 aliandika hivi: "Shingo upande ni unafagia kwa sababu umeambiwa, lakini moyo uko nje unacheza."

Tumekata vikaratasi 38, kila mtoto ameinakili na kuibandika juu ya ile yangu.