Kamba na dagaa wa chambo wanalegea wakitoka friza, tatizo ni nini?

Muulizaji: Wakuu, kamba na dagaa wakitoka friza wanakuwa teketeke. Ukirusha mshipi tu, chambo kinachomoka kwenye ndoana. Kamba nao wanapiga weusi kichwani. Chumvi inatiwa kiasi gani, kabla ya kugandisha au baada?

Jibu la 1: Chumvi kwanza, mkuu. Maji ya ndani ya nyama yakiganda polepole hufanya chembe za barafu zinazoipasua nyama. Barafu ikiyeyuka, maji yanachuruzika na nyama inabaki imelegea. Chumvi huyatoa maji hayo mapema.

Kilo moja ya chambo, tumia gramu 300 hivi za chumvi ya mawe. Weka chujio juu ya beseni, tandaza chumvi, panga dagaa wasilaliane, kisha chumvi tena juu. Funika, weka kwenye friji saa 24. Chujio usiliache, maana chambo kikilala ndani ya maji yake hakikazi. Kesho yake mwaga maji, nyunyiza chumvi mpya kidogo. Mbonyeze dagaa mgongoni: kidole kikiacha shimo, mrudishe siku moja zaidi.

Halafu fungasha kwenye vifuko vya safari moja moja, hewa yote itoke. Kikiyeyuka usikigandishe tena. Na usidhani friza imeharibika ukikuta chambo hakijawa kigumu kama jiwe; chumvi ikiwa nyingi kinabaki kinapindika, na ndivyo inavyotakiwa.

Jibu la 2: Weusi wa kamba si kuoza. Ni kimeng'enya (kemikali ya asili ya mwili wake), kingi kikiwa kichwani, kinachofanya kazi kikipata hewa. Ng'oa vichwa wakiwa wabichi kabisa, ganda la mwili liache lishike ndoana. Ngisi usimwoshe kwa maji ya bomba, harufu inayovuta samaki inaondoka. Tumia maji ya bahari. Ila kilichokwisha kuvunda hakiokolewi na chumvi, tupa.

Muulizaji: Asanteni sana. Na nyungunyungu nao ni chumvi?

Jibu la 2: Hapana! Chumvi inamuua. Huyo anatunzwa hai: ndoo yenye matundu madogo kwenye kifuniko, ndani udongo au magazeti yaliyochanwa, unyevu kama wa sponji iliyokamuliwa, kivulini. Ukiwaona wanapanda kuta za ndoo, mara nyingi maji yamezidi, hewa haitoshi. Wakague kila siku, aliyekufa mtoe hapohapo. Mmoja akioza, ndoo nzima inakwenda.