Malindi: bili ya reti imepanda mara tatu, mwenye nyumba aanzie wapi?

MwanaMtangani

Salaam aleikum jamaa. Nauliza kuhusu reti za kaunti, ile kodi ya ardhi ya kila mwaka, kwa viwanja vya makazi vilivyo kando ya mji: Mtangani, Muyeye, Barani, Maweni. Tuchukue kiwanja cha futi 50 kwa 100, hati ya umiliki wa kudumu, nyumba ya vyumba vitatu, mwenyewe anaishi humo na hapangishi. Bili ya mwaka ilikuwa shilingi 4,800. Mpya yasema 16,000, na chini yake pana mstari wa malimbikizo. Je, kujenga nyumba ndiko kumepandisha? Akienda ofisini kulalamika, ashike karatasi gani, na amwone nani? Tena kuna wazee wanaoishi kwa pensheni, wao wana njia yoyote?

MpimaPwani

Waaleikum salaam. Kabla ya kulalamika ni lazima ajue ni kitu gani kilichobadilika. Bili ya reti hutoka kwenye namba mbili tu: thamani ya kiwanja iliyoandikwa katika daftari la uthamini, mara kiwango cha asilimia kilichopitishwa na kaunti. Malimbikizo na riba huja baadaye.

Mfano: thamani 480,000 kwa asilimia 1 ni 4,800. Daftari jipya likisema kiwanja kile kile sasa ni 1,600,000 na asilimia ibaki 1, bili ni 16,000. Lakini kiwango kingeshushwa hadi asilimia 0.3, angelipa 4,800 ile ile. Ndiyo maana daftari likifanywa upya, kiwango nacho yafaa kishuke. Nairobi walikuwa wakitoza asilimia 34 ya thamani za miaka ya 1980. Daftari la 2019 lilipoanza kutumika, kiwango cha makazi kikawa asilimia 0.115. Daftari jipya kwa asilimia ya zamani ndilo linalomwumiza mwenye nyumba.

Kuhusu kujenga: kwa mazoea ya miaka mingi hapa Kenya, reti za mjini zimekuwa zikikadiriwa kwa thamani ya ardhi tupu. Kiwanja chenye magugu na jirani yake chenye ghorofa, ukubwa sawa na eneo sawa, hulipa sawa. Ila sheria ya kitaifa ya reti ya 2024, iliyofuta zile za Sura 266 na 267, inairuhusu kaunti kuchagua njia zaidi ya moja ya kukadiria. Kwa hiyo tazama kwenye daftari ni njia gani iliyotumika. Usikisie.

Sasa jambo ambalo watu hulipita: soma UKUBWA ulioandikwa kwenye bili. Futi 50 kwa 100 ni hekta 0.0465 hivi. Ekari nzima ni hekta 0.405. Ukiona bili yako ina 0.4 na kitu, unatozwa kwa shamba mama, yaani shamba zima kabla halijakatwa. Hii hutokea sana huku kando ya mji, kwa kuwa shamba la ekari moja limekatwa viwanja saba au vinane, wanunuzi wamepewa hati zao, lakini mabadiliko hayakufika kwenye daftari la kaunti. Msajili wa ardhi na ofisi ya reti ni milango miwili. Hati mpya kutoka kwa msajili haijisajili yenyewe kwenye reti. Unahitaji nakala ya hati, ramani ya mgawanyo yenye namba ya shamba mama na namba mpya, sachi (cheti cha msajili kinachoonyesha mwenye kiwanja) ya hivi karibuni, na kitambulisho. Andika barua ya kuomba kiwanja kifunguliwe akaunti yake, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri ule, baada ya miezi sita utaanza upya.

BintiKibokoni

Naongeza juu ya milango ya kulalamikia, kwani watu hupoteza haki kwa kugonga usio wao.

Kama kilichopanda ni thamani, njia ni pingamizi dhidi ya daftari la uthamini. Daftari likishakuwa tayari hutolewa tangazo, na siku za kupinga huanza kuhesabiwa. Katika sheria ya awali zilikuwa siku 28. Fuata zile zilizoandikwa kwenye tangazo lenyewe. Pingamizi hujazwa kwenye fomu, si kwa kupiga kelele kaunta. "Ni ghali mno" haipeleki popote. Kinachosikika ni kama hiki: kiwanja kimekosewa ukubwa, kimewekwa ukanda wa biashara ilhali ni makazi, kimelinganishwa na viwanja vya Casuarina vilivyo ufuoni ilhali hiki kiko ndani, hakina barabara ya gari. Leta bei za mauzo mawili matatu ya jirani zenye mikataba, au ripoti ya mthamini aliyesajiliwa. Mthamini hulipwa, kwa hivyo majirani kumi wa mtaa mmoja wakichangiana ripoti moja, mzigo unakuwa mwepesi.

Kama kilichopanda ni asilimia, pingamizi halisaidii. Hiyo iko kwenye Sheria ya Fedha ya kaunti. Bunge la kaunti lina siku 90 tangu lipitishe mswada wa matumizi kupitisha ule wa fedha, kwa hiyo aghalabu ni kati ya Julai na Septemba. Vikao vya maoni ya umma vikitangazwa, pelekeni maandishi yenye mfano wa hesabu kama huo wa MpimaPwani na majina ya wakazi. Inaniuma kuona kikao kinahudhuriwa na watu wanane, kisha Januari foleni ya manung'uniko inafika barabarani.

Wazee wa pensheni: umri peke yake haukufutii reti. Omba kulipa kwa awamu na upewe makubaliano kwa maandishi. Msamaha huwa ni wa riba na adhabu, si deni lenyewe, na kwa Kifungu 210 cha Katiba lazima uwe na msingi wa sheria na rekodi yake iwekwe wazi. Mtu akikwambia "nipe kidogo nikufutie", huo si msamaha. Deni litabaki kwenye mfumo na pesa zako zimekwenda.

Mwana_wa_Barani

Ahsanteni sana. Na wale wenye nyumba bila ardhi? Nyumba ni ya mtu, kiwanja ni cha tajiri, na kila mwezi analipa kodi ya kiwanja. Sasa tajiri anasema reti zimepanda, kila nyumba imlipie.

BintiKibokoni

Kaka, reti humdai mwenye ardhi. Jina lililo kwenye daftari ndilo linalodaiwa, si mwenye kuta. Lakini ukweli wa mtaani ni kwamba mzigo hushushwa kupitia kodi ya kiwanja. Wenye nyumba wafanye mambo mawili. Waombe kuona bili yenyewe, waigawe kwa eneo la kila nyumba badala ya kukubali tarakimu ya mdomo. Na wakilipa chochote, risiti iandike "mchango wa reti wa mwaka fulani" mbali na kodi ya kiwanja. Kuchanganya vyote kwenye risiti moja hufanya ionekane kodi imepandishwa na wao wakaridhia. Mkikwama, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo hapo hapo Malindi.

MpimaPwani

Limebaki la malimbikizo. Omba taarifa ya akaunti ya mwaka hadi mwaka, si jumla tu. Linganisha na risiti zako moja moja. Malipo ya zamani ya makaratasi mara nyingi hayakuingizwa mfumo ulipohamia kwenye kompyuta. Ndiyo sababu risiti za reti hazitupwi hata zikipauka. Zipige picha, kwa kuwa wino wa mashine ndogo hufifia. Uliza pia pesa unazolipa zinakata wapi kwanza. Zikianza na riba, unaweza kulipa 5,000 na deni la msingi lisisogee hata shilingi.

Na kama hati bado iko kwa jina la marehemu, lipeni hivyo hivyo kwa namba ya kiwanja. Reti haingoji mirathi. Lakini anayelipa aweke risiti, ili Kadhi akigawa, warithi wamrudishie kwanza. Kuhamisha jina hakutakwenda bila cheti cha kutodaiwa reti, na cheti hicho hakitoki pakiwa na salio.

MwanaMtangani

Nimetazama bili tena kwa jicho la ukubwa. Imeandikwa hekta 0.41.

MpimaPwani

Basi hiyo ni ekari nzima. Usilipe 16,000 kabla hujapeleka ramani ya mgawanyo. Lipa 4,800 kama ya mwaka jana ili isionekane umekaidi, na barua yako itaje kwamba ni malipo ya sehemu huku ukingoja marekebisho. Waarifu na jirani wa viwanja vilivyokatwa pamoja nacho. Huenda wao hawajapata bili kabisa, na deni lao lote limekaa kwenye namba hiyo moja.