Duka limetuuzia SSD feki ya terabaiti 1, na sasa linakataa kuturudishia diski yetu ya zamani

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza mambo kwa mpangilio ili kila asomaye aelewe lalamiko langu liko wapi hasa. Silalamikii diski iliyochoka, kwa sababu diski za sahani inayozunguka (HDD) huchoka na kila mwenye kompyuta ya miaka mingi anajua siku hiyo itafika. Ninalalamikia duka moja la kompyuta hapa Dar es Salaam ambalo lilimuuzia mke wangu SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani, ambayo haina ujazo ulioandikwa juu yake, likahamishia humo kazi zake zote, kisha likaitoa diski ya zamani kwa watu tusiowajua bila ruhusa yetu. Lingetokea moja tu kati ya hayo, tungepata hasara ya fedha na usumbufu, yakaisha. Yalipotokea yote mawili, kazi ya utafiti iliyofanywa kwa jasho imepotea.

Mke wangu ni mwalimu wa sekondari na anamalizia tasnifu ya uzamili kuhusu msamiati wa uvuvi katika pwani ya kusini. Katika kompyuta yake mpakato kulikuwa na rekodi za sauti na video za manahodha na wavuvi wazee wa Kilwa Kivinje, matokeo ya wanafunzi wake, maandalio ya masomo, na nakala za vitambulisho vyetu vya NIDA. Sura za tasnifu zilikuwa zimehifadhiwa pia kwenye Google Drive na zote ziko salama. Rekodi hazikuweza kupelekwa huko, kwani saa moja ya sauti ya WAV yenye ubora wa kawaida inazidi megabaiti 600, video ni kubwa kuliko hapo mara nyingi, na anayetegemea bando la simu anajua kupandisha zaidi ya gigabaiti 200 mtandaoni kunagharimu kiasi gani. Nalisema hili mapema kwa ajili ya wale ambao jibu lao la kwanza huwa ni kumuuliza aliyeibiwa kwa nini hakufunga mlango.

Dalili za diski kuchoka zilikuwa wazi. Kompyuta iliganda kila ilipofungua baadhi ya folda, diski ilitoa mlio mkavu wa tak, tak, na matumizi ya diski yalikaa kwenye asilimia 100 hata pasipokuwa na programu iliyofunguliwa. Niliendesha CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, nikaona alama ya njano ya tahadhari: zilikuwepo sekta (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data) zilizokwisha kuhamishwa, na nyingine, zile zinazohesabiwa kwenye mstari wa C5, ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaziondoa kwenye matumizi. Diski iliyo katika hali hiyo haijafa. Sehemu yake kubwa bado inasomeka, ila kila unavyozidi kuihangaisha ndivyo unavyoipunguzia uhai, na ndiyo sababu haifai kuendeshewa chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, wala kufomatiwa, wala kuwashiwa Windows kila mara. Kinachotakiwa ni kuinakili mara moja na kuiweka kando.

Kwa kuwa nilikuwa na safari ya kikazi kwenda Dodoma, nilimwandikia mke wangu karatasi ya kupeleka dukani pamoja na kompyuta. Niliandika kwamba data inakiliwe kwanza kabla ya jambo lolote, kwamba iwekwe SSD ya SATA ya inchi 2.5 (ile inayokaa palepale pa diski ya zamani), na kwamba diski ya zamani arudishiwe mkononi. Fundi aliisoma karatasi ile mbele yake, akaibandika kwa selotepu juu ya kifuniko cha kompyuta, akamwambia aende na asiwe na wasiwasi.

Walimshauri achukue SSD ya terabaiti 1 badala ya gigabaiti 500 kwa maelezo kwamba tofauti ya bei ni ndogo. Alilipa shilingi 190,000 za SSD, shilingi 40,000 za ufundi, na shilingi 20,000 za kupiga Windows. Hiyo ya mwisho nayo haikustahili kulipwa. Kompyuta ilinunuliwa ikiwa na Windows 10 halali, na tangu ilipotoka Windows 8 mwaka 2012 watengenezaji huweka ufunguo wa leseni ndani ya ubao mkuu, hivyo kubadilisha diski hakuipotezi leseni. Wao waliweka Windows iliyovunjwa, yaani isiyo na leseni halali, yenye programu ndogo iliyozima ulinzi dhidi ya virusi. Napita, maana hilo linarekebishika.

Kompyuta iliporudi ilikuwa nyepesi mno, na hapo ndipo mtego ulipo. Diski ya sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika husoma faili kubwa kwa kasi ya takriban megabaiti 100 kwa sekunde, na kwenye faili ndogondogo huwa mbaya zaidi kwa sababu kichwa chake hulazimika kusafiri huku na huku. SSD halali ya SATA huvuka megabaiti 500 na haina kichwa cha kusafirisha. Hata SSD ya hovyo kabisa itaonekana ya ajabu kwa mtu aliyetoka kwenye diski inayokufa. Windows iliwaka upesi, folda zote zilionekana, majina ya faili yalikuwa yaleyale na ukubwa uleule, na mke wangu aliwashukuru sana. Siku alipofungua rekodi ya kwanza ili anukuu maneno ya nahodha mmoja, programu ilikataa. Akajaribu nyingine, ikakataa. Folda nzima ilikuwa hivyo.

Niliporudi nilihamisha kila kilichosomeka kwenye diski ya nje, nikaitoa SSD, nikaiunganisha kwa kebo ya USB kwenye kompyuta nyingine na kuendesha H2testw, programu ya bure inayojaza diski nzima kwa data inayojulikana kisha kuisoma tena na kulinganisha. Iliandika hadi mwisho bila kulalamika. Ilipoanza kusoma, gigabaiti 118 za mwanzo zilikuwa sawa, na kuanzia hapo hadi mwisho wa hiyo inayoitwa terabaiti hakikurudi chochote kilichoandikwa.

Naomba nieleze udanganyifu huu unavyofanyika, kwa sababu watu wengi wanadhani SSD feki ni ile inayoharibika mapema. Ndani ya kila SSD kuna chipu ya udhibiti, na programu iliyomo ndani ya chipu hiyo ndiyo inayoiambia kompyuta diski ina ujazo gani. Mdanganyifu hubadilisha programu hiyo iseme terabaiti 1 wakati chipu ya kumbukumbu iliyowekwa ni ndogo. Kompyuta huamini inachoambiwa. Ujazo wa kweli ukiisha, SSD huendelea kupokea data na kujibu kwamba imehifadhiwa, ilhali inaitupa au inaandika juu ya data iliyotangulia. Ni debe lililotobolewa ubavuni: unaweza kumimina maji mchana kutwa, na alama ya lita iliyochorwa nje itabaki ileile. Majina ya faili huonekana kwa sababu jedwali la NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga faili) linaloyatunza huwa karibu na mwanzo wa diski, kwenye eneo lililo hai, huku maudhui yenyewe yakiwa yameangukia kwenye eneo lisilokuwepo. Ndiyo maana hata fundi anayenakili kwa nia njema anaweza kuona kazi imefika asilimia 100 bila kosa lolote. Asipolinganisha kilichotoka na kilichoingia, kwa mfano kwa alama za SHA-256, ambazo hubadilika faili ikitofautiana hata kidogo, hajathibitisha kitu.

Kutokana na hayo mtaelewa kwa nini diski ya zamani ndiyo kiini cha uzi huu. Faili iliyofutwa kwenye diski ya sahani mara nyingi huweza kufufuliwa. Diski yenye sekta mbovu inaweza kusomwa kwa GNU ddrescue, programu ya kuokoa data, ambayo huanza na maeneo mazima, huandika kwenye ramani yake mahali iliposhindwa, kisha hurudi baadaye kung'ang'ania maeneo magumu. Lakini data ambayo SSD feki iliitupa haikuwahi kuandikwa popote ndani yake, na hakuna maabara duniani inayoweza kuirudisha. Nakala pekee ya sauti za wale wazee iko kwenye sahani za diski ya gigabaiti 500 ambayo duka liliitoa kwenye kompyuta yetu na haikurudi.

Nilikwenda dukani na mke wangu, nikiwa na SSD, risiti na ripoti ya jaribio. Sikutaka kusikia baadaye kwamba nimebadilisha kifaa nyumbani, kwa hiyo nilikifungua palepale kaunta kwa bisibisi ya fundi mwenyewe. Kasha halikuwa na skrubu hata moja. Lilishikwa kwa vishikio vya plastiki. Ndani kulikuwa na ubao mfupi wenye chipu moja ya kumbukumbu iliyokwanguliwa maandishi yake, na pembeni kipande cha bati kilichogandishwa kwa gundi ili kasha lipate uzito mkononi. Nisieleweke vibaya: ubao mfupi peke yake si ushahidi, kwani SSD nyingi halali za SATA zina ubao unaojaza nusu ya kasha au chini ya hapo. Lakini anayeuza bidhaa halali hana sababu ya kukwangua jina la chipu wala kugandisha bati.

Msimamizi wa duka hakubisha kuhusu nilichomwonyesha. Alisema, "Bosi, waranti yetu ni siku saba, na wewe umeshafungua." Nilipouliza diski ya zamani, alimgeukia mke wangu: "Mwalimu, diski ikishakuwa mbovu hapa hairudi kwa mteja, tulishawapa wanaonunua vyuma." Fundi aliyesimama nyuma yake akasema huwa wanazitoa kwa kijana anayetengeneza diski za mtumba. Majibu hayo mawili hayawezi yote kuwa kweli, na hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu diski ya mtumba huuzwa ikiwa inafanya kazi.

Karatasi tuliyowapa ilisema irudishwe. Hata kama isingesema, ile ni mali yetu: tulinunua kompyuta pamoja na kila kilichomo, na malipo ya ufundi hayakujumuisha ruhusa ya kuchukua. Humo mna vitambulisho vyetu, taarifa za benki, picha za watoto wetu, na majina na alama za wanafunzi ambao hawajui kwamba taarifa zao zinazunguka mjini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko ya aina hii. Tutapeleka letu.

Kuhusu SSD yenyewe, waranti ya siku saba haina nafasi hapa. Waranti ni ahadi kuhusu bidhaa kuharibika, na hii haikuharibika. Ilikuwa hivyo tangu ilipotoka kiwandani. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na risiti yao imeandika kwa mkono "SSD 1TB" na kugongwa muhuri. Haikuwa risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi), na haikuwa na namba ya serial ya kifaa, jambo ambalo sasa naliona kama sehemu ya mpango na si uvivu wa mwandishi. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia nchini, nayo tutaifikishia kifaa hiki pamoja na ripoti ya jaribio.

Ninawaheshimu mafundi. Nawajua wanaomuuliza mteja kuhusu data kabla hata ya kushika bisibisi, wanaoandika namba ya serial ya diski inayotoka na inayoingia, na wanaoifunga diski ya zamani kwenye mfuko na kumkabidhi mwenyewe hata kama ni chuma kitupu. Kazi hiyo haiwaongezei gharama yoyote. Kuijaribu SSD mpya kabla ya kuipachika kunachukua saa chache ambazo kompyuta ingekuwa imekaa kwenye rafu kusubiri zamu. Duka linalouza SSD kila siku na halijawahi kujaribu hata moja limeamua kutojua linachouza, na mteja ndiye anayelipia uamuzi huo.

Naomba wenye uzoefu wanisaidie kwa mambo mawili. Aliyewahi kufungua shauri FCC kuhusu kifaa cha kompyuta aeleze hapa alianzia dawati gani na alitakiwa kuwa na vielelezo gani. Na yeyote anayefanya biashara ya diski za mtumba hapa jijini, akiona diski ya inchi 2.5 ya gigabaiti 500 yenye folda inayoitwa KILWA_MAHOJIANO, tafadhali asiifomati na asiiwashe tena. Aniandikie faragha, namba ya serial ninayo kwenye picha ya skrini ya CrystalDiskInfo, na nitailipia bei atakayoitaja. Duka lenyewe lina hadi Ijumaa kurudisha fedha zote na kutupatia jina la mtu waliyempa diski. Baada ya hapo malalamiko yataondoka kwenye jukwaa hili na kwenda kwenye Tume zote mbili.