Adhana ikilia mkono unafunguka wenyewe, ni mimi tu?

mchuuzi_mwaloni: Wakuu salama? Nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, ni mkristo ila kanisani naenda nikijisikia. Sasa kuna mzee huwa anapita kuomba, siku nyingi namwambia samehe mzee biashara ngumu na kweli naona sina, ila akinikuta adhana ya mchana inalia, ijumaa hasa, nashtukia nishampa jero au hata buku na adhana wala sio ya kwangu! Hii ni imani au nini? Wife ananicheka eti nakaribia kusilimu 😂

kijana_igoma: Mkuu hilo walishalipima Marrakech kule Moroko, mtafiti Duhaime, majibu yakatoka 2015. Wenye maduka waliambiwa wachague, hela waweke mfukoni au iende kwa wahitaji, na ikienda kwa wahitaji inaongezwa. Walioulizwa adhana ikisikika wote wakachagua kutoa yote, hakubaki hata mmoja. Isiposikika, wengine wakakumbuka mifuko yao. Waislamu haohao imani ileile, tofauti ni sauti tu.

mama_sato: Aibu tu hiyo wanangu. Ukitoka misa majirani wanakuona utampitaje ombaomba? Jumatatu mtoaji huyohuyo anagombana na konda sababu ya chenji ya mia mbili.

kijana_igoma: Shikamoo mama, aibu ipo, ila Kanada 2007 Shariff na Norenzayan waliwapa watu wapange sentensi zenye maneno kama Mungu, halafu wagawe dola 10 na mtu wasiyemjua na yeye hawajui. Wakamwachia huyo mtu wastani wa dola 4.22, wasiopewa hayo maneno 1.84. Cha ajabu maneno kama polisi na mahakama nayo yakaleta hivyohivyo. Watafiti wengine walirudia baadae wakakosa majibu hayo, kwahiyo usiape nalo.

mama_sato: Marahaba. Polisi!! Basi nimeshinda mimi, ni kuogopa jicho.

boda_pasiansi: Mnahangaika na Kanada wakati ombaomba wanajua siku nyingi. Kijiwe chetu kipo karibu na msikiti, ijumaa wanawahi kugombea kivuli cha mlangoni, jumapili unawakuta geti la kanisa na ni misa ya pili, ya kwanza watu wana haraka. Mmoja nilimbeba jumanne, akanilipa buku na akadai chenji yake yote 😂

mchuuzi_mwaloni: Aisee. Ndo maana ijumaa anapitaga saa saba kasoro.